Miguu ya Zimwi

Usiku wa kuamkia Idi, umeme umekatika Ngamiani nzima,
watoto wa Barabara ya Kumi na Tisa
hatukuwa na majina.

Kiondo alikuwa ndevu tupu:
singa za mkonge tulizookota kando ya reli,
tukazichovya kwenye chai ya rangi,
tukamfunga masikioni kwa uzi wa magunia.
Zilimwasha kama upupu. Hakuzivua.
Hizza alivaa gunia la sukari lenye matundu matatu;
la mdomo likaangukia shavuni,
kila akisema neno gunia zima linavimba na kunywea.
Mwanamkasi, mdogo wetu, alikataa kutisha.
Alijipaka unga wa muhogo, akasema yeye ni keki.

Mimi nilikuwa na uso wa boksi la sabuni,
jicho moja juu, jingine chini,
na koti la mvua la baba, la kazi ya bandarini,
lililoning'inia msumarini tangu Mei
bila mtu kuligusa.

*Hodi, hodi, zimwi laja,*
*tangu jana halijala,*
*lipeni chochote lende,*
*msipolipa litalala!*

Bi Mwanashambe alitoa visheti vya moto, tukavirusha mkono kwa mkono.
Fundi cherehani hakuwa na kitu, akatupa vifungo.
Bwana Jivraj alitoa pipi moja, ya watu wanne.
Tuliivunja kwa jiwe kizingitini pake
ili asikie.

Mlango wa mwisho ulikuwa wetu.

Mama alitoka na kibatari. Akatazama chini kwanza.
"Karibuni, wageni.
Nyinyi mtembeao usiku, hamjakutana na mwanangu?
Ana kovu la chupa kwenye dole gumba, mguu wa kushoto.
Katoka hajala."

Nikavikunja vidole mchangani.
Nikakoroma, kama inavyolipasa zimwi:
"Hatujamwona."

"Basi mkimwona, mwambieni nimemwekea ukoko."

Akagawa sumni sumni.
Yangu aliitia ndani ya mkono wa koti,
akautafuta mkono wangu humo ndani, mbali,
akaupata.
Kisha akainyoosha kola,
akakaa ameishika
kupita haja ya kola yenyewe.

Nilirudi kwa mlango wa uani. Koti msumarini, boksi mvunguni.
"Mazimwi yamepita hapa," alisema, akikwangua sufuria.
"Nimeyasikia tu."
"Moja lilikuwa refu." Akanipa sahani.
"Au koti ndilo lilikuwa refu, sijui."

Asubuhi, takbira zikivuma,
koti lilikuwa kambani, limefuliwa,
kola imebanwa kwa vibanio viwili,
mikono yote miwili ikidondosha maji.
Mwanamkasi akapita chini yake na gauni jipya,
unga bado masikioni,
akaulumu kwa nini jana
hakuna hata mmoja aliyemwogopa.