Mpira Unakumbuka

Miaka kumi na moja nilisimama kiwandani
kwenye sakafu ya maji na magamba,
buti nyeupe, kisu cha minofu,
sangara wakipita mbele yangu kama foleni ya benki.
Baridi ya sakafu ile ilipanda taratibu: kisigino, goti, kiuno.
Siku iliyofika mgongoni nikaomba hesabu yangu.

Sasa naoka mikate Mabatini, chumba kimoja,
kimebebwa na jiwe.
Sisemi kwa mafumbo. Aliyejenga alishindwa kulivunja,
akamwaga zege pembeni yake,
na jiwe likabaki limetokeza kando ya tanuri
kama goti la mtu aliyelala chini ya shuka.

Mpira niliununua Nyakato, mweusi, milimita nane.
Vijana wawili wa mkokoteni waliupandisha mlimani,
wakautua, wakanitazama kama mtu aliyewatukana.
Shemeji Masunga akasema, "Nikuletee fundi. Elfu themanini tu."
Kwa elfu themanini nanunua unga.
"Utaharibu."
Basi nitaharibu changu.

Muuzaji alikuwa ameniusia neno moja:
usiukate leo. Utandaze, ulale.
Mpira unakumbuka ulivyokunjwa.
Hilo sikuhitaji kufundishwa;
donge nalo ukilisukuma kabla halijapumzika
linarudi nyuma kama mtoto anayeitwa kuoga.
Nikautandaza. Usiku kucha uliinua ncha zake gizani,
nami kitandani nikanyoosha miguu
iliyokuwa bado imesimama kiwandani.

Asubuhi: chaki, rula ya shule ya Limi,
kisu kipya, maji ya sabuni ya kulainisha njia yake.
Nilikosea pale pale mwanzo.
Niliuamini ukuta.
Nikapima kutoka kwake kana kwamba umenyooka,
kumbe ulijengwa na mtu aliyekuwa akitazama ziwa.
Mlangoni pakabaki pengo la vidole viwili.
Nikalitukana pengo, nikalitukana ziwa,
nikanywa chai,
nikakata kiraka.

Jiwe lilinila nusu siku.
Halina kona, halitambui rula.
Nilichana boksi la mafuta ya kula,
nikalibana ubavuni mwake, nikalipunguza kidogo kidogo,
mkasi ukifuata kila nundu
kama unayemkatia mtu shingo ya blauzi akiwa ameivaa.
Halafu boksi juu ya mpira. Chaki. Pumzi. Kisu.
Ukaingia! Ukalizunguka jiwe bila kuacha hata njia ya sisimizi,
nami nikapiga kigelegele peke yangu,
jirani akauliza ukutani nani kajifungua.

Gundi ilinuka mpaka kichwa kikawa chepesi.
Nikafungua dirisha, nikasahau kuzima taa.
Wakaja wadudu wa ziwani, wingu zima,
lile linalosimama juu ya maji kama moshi usio na jiko,
wakatua kwenye gundi mbichi, maelfu, mabawa yakitetemeka.
Kupangusa ni kupoteza gundi.
Kungoja ni kuwakaribisha wengine.
"Mnisamehe," nikasema,
nikaulaza mpira juu yao,
nikaukandamiza kwa mti wa kusukumia chapati,
katikati kwenda pembeni, hewa ikitoka kwa kunung'unika.

Leo saa tisa usiku nakanda.
Sinia limeanguka: halikulia, limekohoa tu,
na Limi nyuma ya pazia hakugeuka.
Shemeji alipita juzi, akavua viatu bila kuambiwa,
akarukaruka kidogo kama anayejaribu godoro,
akauliza fundi ni nani.
Nilimpa mkate wa moto, mdomo ukapata kazi nyingine.

Jiwe nimeliacha wazi. Nakaa juu yake unga ukiumuka.
Miguu? Bado.
Kila saa inauliza kama kengele imelia.
Na kona ya mlangoni inanyanyuka, ile yenye kiraka.
Nimeiwekea gunia la unga, kilo hamsini.
Siikemei.