Herufi Tano za Enoch Sutcliffe

Jumatatu, mvua ya Todmorden ikikwaruza bati la karakana,
Bi Mabel Sutcliffe aliingia na bahasha,
nyuma yake bintiye Rosalind, aliyeshuka treni ya saa tatu
na hata glavu hajavua.

Ndani ya bahasha: jina, miaka miwili,
kisha pengo, upana wa vidole vitatu,
mbele ya maneno "mume wa Mabel".
Lugha yetu hutanguliza sifa,
mtu akafuata nyuma kama mwenye mbwa.
"Hapo," akasema, "pananishinda."

Mimi hutoza pauni sita kwa herufi.
Naona haya kuitaja bei mbele ya wafiwa,
kwa hiyo nimeiandika kwa chaki ukutani
chini ya kalenda.

Rosalind alitaka *gentle*.
Mama akacheka, cheko fupi la puani.
"Gentle! Baba yako, aliyewanyonga njiwa wagonjwa
kwa mkono huu, huu mwingine umeshika kikombe?"
Basi *kind*.
"Kind ni neno la kadi za dukani."
Nikajitia kunoa patasi.

Ndipo nikasema *quiet*.
Nilimwona Enoch miaka thelathini
katika kibanda chake cha ishara za reli,
akivuta wenzo, akimwinulia dereva kidole kimoja.
Hotuba yake yote ndiyo hiyo.
Mjane akalionja neno
kama aonjaye mchuzi uliokosa kitu.
"Quiet ni mtoto aliyekanywa. Ni maktaba.
Mtu huambiwa awe quiet. Enoch hakuambiwa na mtu."

*Silent*, basi?

"Silent ni ugomvi. Tulikuwa nao,
mwaka ule Rosalind alipoondoka. Wiki saba,
chumvi ikipita mezani bila jina la mtu.
Hilo silichongeshi. Nalijua bila jiwe."
Binti akazitazama glavu zake.

Nimechonga tangu nina miaka kumi na sita
na siku zote nilidhani maneno haya ni mapacha:
lenye herufi chache ndilo la wasio na pesa.
Kumbe ni majirani tu,
wanasalimiana juu ya ua,
kisha kila mmoja anaingia kwake
na harufu ya jikoni lake.

Birika likachemka. Tukanywa chai yenye vumbi.

Rosalind ndiye aliyesema, bila kutuangalia,
kwamba alikuwa akimpelekea chakula kibandani
na kumkuta kati ya treni na treni,
mkono juu ya wenzo, jua limemfika magotini.
"Hakuwa amenyamaza, Mama. Alikuwa amengoja.
He was still."

*Still.*
Bi Mabel akaliweka pengoni kwa kidole,
akasoma mstari mzima,
akausoma tena, polepole zaidi.
Maana neno hilo lina milango miwili:
huku unamkuta mtu aliyetulia
kama maji ndani ya ndoo usiku;
kule unasikia *bado*.
Bado mume wa Mabel.
Sijui ni nani kati yao aliyeuona kwanza mlango wa pili.
Najua tu glavu zilivuliwa.

"Na watu watalisomaje?" binti akauliza.
"Wasome wanavyotaka," akasema mama.
Akaukodolea macho ukuta, akahesabu kwa midomo.
"Thelathini," akasema. "Ni bei nafuu."

S ilinila asubuhi nzima;
ni herufi inayomkataa rula.
Lakini T, na I, na zile L mbili
zilisimama wima jiweni, moja baada ya nyingine,
kama nyenzo ndani ya kibanda.
Nilipopuliza vumbi la mwisho
treni ya saa kumi ilikuwa inapita bondeni,
nami, peke yangu, patasi mkononi,
nikajikuta nimeinua kidole kimoja.