Komeo la Ndani

Usiku wa kwanza Musembi alilala sakafuni,
viatu miguuni, mgongo ukiegemea mlango.
Kitanda alikitazama
kama mtu aliyekuja kumdai.

Miaka tisa alilala nyuma ya soko la Ngara
juu ya maboksi ya ndizi,
akijibizana na watu wake.
Wodini nako komeo lilikuwa nje,
na ufunguo kiunoni mwa mwingine.

Hapa Kayole, chumba namba sita,
komeo liko ndani.
Alikomea. Akakomoa. Akakomea.
Nilihesabu ukutani mwangu hadi arubaini.
Usiku wangu wa kwanza, mimi nilipita mia.

Sitasema amepona.
Kila Alhamisi Sista Kwamboka huja na vidonge.
Kuna siku anavimeza,
kuna siku anasema, "Leo tumekataa,"
na Kwamboka huketi ngazini na kikombe cha chai,
anangoja
hadi hao wengine nao wakubali.

Juzi mvua ilipiga mabati usiku kucha.
Nilisikia komeo, nikasikia hatua,
nikajiambia: basi, kaenda.

Kulipopambazuka nikamkuta uani,
kalowa chapachapa, uso ameuelekeza juu, anacheka.
"Miaka yote imeninyeshea bila kuniuliza," akasema.
"Leo nimeifuata mwenyewe."

Akaingia, akakomea.
Mara moja tu.
Viatu vyake, matope tele,
aliviacha nje ya mlango,
kama mtu yeyote aliye kwake.