Risasi Isiyo na Mlio

Dirisha hili la Kibokoni lina rangi nne.
Ya juu kijani, ya mwaka Bwana Ghalib alipomwoza bintiye.
Chini yake samawati. Chini ya samawati
nyeupe iliyochakaa kama jino la mvuta kiko,
kisha nyekundu nzito, kongwe, aliyeipaka hakumbukwi,
na chini kabisa msaji, mkavu, mtulivu,
haujui lolote kuhusu nguo tulizouvika.

Miaka kumi na tisa nimeyavua madirisha nguo zake.
Msasa mkavu, mdomo wazi,
vumbi likishuka laini kama wanda.
Nikipiga chafya, nikicheka,
nikinywa kahawa kwa mkono uleule,
na mahamri pia, kwa mkono uleule.

Jioni, Kisauni, Nuswaiba akinirukia shingoni.
Pua kwenye kola.
"Baba, wanuka nyumba za watu."
Nami nikiliona neno tamu.

Mwaka wa pili chuoni alianza kurudi nyuma.
Herufi aliyoijua jana, leo haijui.
Tumbo likimkata usiku. Tukasema chango.
Mamake akasema jicho la watu.
Akaandikiwa kombe, akanywa zafarani yote, akalamba sahani,
na tumbo likamkata vilevile.

Daktari Mutheu alitoa damu, kijichupa kimoja.
Jibu lilikawia wiki tatu.
Hakuuliza tunakula nini. Aliuliza baba afanya kazi gani.
Kisha akasema: mna risasi ndani ya damu hii.

Risasi.
Nilimgeuza mwanangu palepale kitandani,
mgongo, mbavu, kisogo chini ya nywele,
natafuta tundu.

Hapakuwa na tundu.
Nyumbani palikuwa na shati langu
limetundikwa msumarini juu ya mto wake
miaka yote ile.

Basi, Kazungu, weka chini huo msasa.
Najua una miaka kumi na minane na mapafu yako ni mapya.
Lete ndoo. Lowesha kwanza, ndipo ukwangue,
na ubao ukikauka, lowesha tena.
Moto wa gesi usiuwashe hapa:
moshi wake ni vumbi lililovaa buibui.
Tandaza plastiki mpaka ukutani.
Fagio? Fagio ni la kumpelekea jirani.
Pangusa kwa kitambaa cha maji, kitie mfukoni, chukua kingine.
Na yule mtoto atambaaye ghorofa ya chini
aende kwa nyanyake hadi Ijumaa.

Bi. Mwanamkuu yuko ngazini, kashika kiuno.
"Fundi wa Ndia Kuu alimaliza kwa dadangu siku mbili tu!"
Namjua fundi huyo, bibi.
Alikuwa mimi.

Magharibi. Navua nguo nje ya mlango,
nazifunga mfukoni, zitafuliwa peke yake.
Naoga nyuma ya kanga iliyotundikwa.
Nuswaiba amesimama upande wa pili wa mstari wa chaki
tuliouchora pamoja,
ananihesabia: hadi hamsini, ndipo aniguse.
Thelathini na sita.
Thelathini na saba.
Thelathini na
na
Nasubiri, sabuni machoni.
"Hamsini," asema, na anavuka.