Dakika Kumi, Awoja

Saa tisa na robo alasiri kichwa kilikohoa mara mbili
kikanyamaza katikati ya tuta la Awoja,
maji kulia, maji kushoto, mafunjo yakituchungulia madirishani
kama watu waliofika msibani wasimjue marehemu.

Dereva Wabwire akateremka na spana.
Mimi nilikuwa gadi wa wiki ya tatu, kofia bado inanipwaya.
"Waambie dakika kumi," akanituma,
nami nikapita behewa kwa behewa nikigawa dakika kumi
kwa Kiswahili, maana reli hii haijui lugha nyingine:
kwa Kiswahili ilitukanwa tangu taruma la kwanza,
kwa Kiswahili ilibembelezwa,
na spana ikimponyoka fundi, awe Mteso, Msamia au Mlango,
neno linalomtoka ni lile lile.

Dakika kumi zikazaa kumi nyingine.
Utingo akavua viatu, akaondoka kwa miguu kurudi Soroti kutafuta simu.
Ndipo mvua ikaja kutoka upande wa Bisina,
kwanza ya kunong'ona, halafu ya mawe,
punje kubwa kama njugu mawe zikilitwanga bati la paa
hata mtoto wa mwalimu Ikwap akaziba masikio ya mbuzi wake,
yake akayaacha.

Ilipokatika, reli ilikuwa nyeupe.
Nyeupe, mataruma na kokoto, mpaka pale macho yanapoishia.
Sijaiona hivyo tena.
Asio Ketura, aliyekuwa akipeleka sato Tororo,
na ambaye kwa saa nzima alikuwa akinusa beseni lake kila baada ya kitambo
kama mama anayepima homa,
aliruka chini na sufuria, akachota barafu
haraka haraka, kama anayechota unga wa jirani,
akawafunika samaki mpaka macho.
"Mungu kachelewa," akasema, "lakini kaja na friji."

Tukacheka. Baridi ikaingia mifupani, tukaacha.

Kanuni inasema gari likikwama, gadi arudi nyuma
atege fataki tatu juu ya chuma,
ili kichwa kinachokuja kusaidia kijue kimekaribia.
Nikaenda na taa, nikihesabu hatua kwa sauti,
vyura wakinivuruga hesabu.
Nikazitega. Nikazifunga vizuri, nilijivunia fundo lile.
Nikarudi. "Dakika kumi," nikamwambia aliyeuliza,
na aliyefuata, na mzee aliyekuwa amelala
nikamwambia pia, kwa mazoea.

Alfajiri kichwa cha Soroti kikaja polepole ndani ya ukungu,
kikazikanyaga,
moja,
na ya pili,
na ya tatu.

Behewa zima likalala chini.
Hakuna aliyepiga kelele; hilo ndilo lisiloniacha.
Ilikuwa miaka michache tu tangu bunduki ziondoke Teso
na miili iliijua kazi yake bila kuambiwa:
mwalimu juu ya mtoto, mtoto juu ya mbuzi,
Asio juu ya beseni, kifua kwenye barafu.

Nilisimama mlangoni, kofia mkononi.
"Ni fataki za reli," nikasema. "Nimezitega mimi."
Usiku kucha nilikuwa nikiwapa kumi, kumi, kumi,
kitu nisichokuwa nacho.
Hili nililokuwa nalo sikuwapa.

Waliinuka mmoja mmoja, bila kutazamana,
wakipangusa magoti, wakiokota karanga zilizomwagika.
Mwalimu alitafuta miwani muda mrefu,
nayo ilikuwa usoni mwake.
Asio akalikamua gauni lake,
maji yenye magamba yakachuruzika
juu ya viatu vyangu vya serikali.
"Haya," akaniuliza, "na hiyo Tororo, dakika ngapi?"