Siku ya Saba

Paneli sita juu ya bati, Kadutu,
zimefungwa kwa boliti kumi na nane
kasoro moja, aliyoipoteza fundi Cirhuza.
Nafasi yake akaiziba kwa waya, akasema:
hii itakuzika, mama.
Dola elfu tatu mia nane na hamsini.
Shamba la Kabare limo humo. Likelemba la miezi kumi limo,
na pete, ambayo sitaki kuizungumzia.

Shemeji Mugaruka akashika kalamu.
"Mazutu ulinunua ya dola mia na kumi kwa mwezi.
Gawanya. Miezi thelathini na tano,
halafu jua ni la bure."
Bure! Alilitamka kama mtu anayelamba asali kidoleni.

Sikumbishia. Niliuliza tu: na mlinzi?
Maana ukipanda mali juu ya paa
mji mzima unajifunza kupanda.
Birindwa, dola arobaini, na chai.
Shemeji akafuta, akagawanya upya: hamsini na tano.
Na mvua?
Akanyamaza.
Bukavu hapa. Mwaka tunaupima kwa matope;
kiangazi huja Juni kama mdeni,
Septemba ukimtafuta, ameshahama.

Kazi yangu ni vifaranga.
Mayai mia sita ndani ya sanduku la mbao,
nyuzi thelathini na saba na nusu, siku ishirini na moja.
Yai halijui SNEL. Halijui delestaji.
Umeme ukikatika usiku wa ishirini
kifaranga kimeshaota mdomo, kimeshaanza kugonga:
unasikia, unasikia,
halafu husikii.
Mwaka wa jenereta nilizika ndoo tatu nyuma ya choo.
Hizo shemeji hakuzihesabu.
Hazina safu kwenye daftari lake.

Basi jua likaingia kazini.
Majirani wakaja na simu, falanga mia tano kila moja,
zikaning'inia ukutani kama sambaza za kukaushwa.
Nabintu mkunga simtozi:
aliyempokea mwanangu kwa mwanga wa kiberiti, nimtoze taa?
Mtoto wa muuza chumvi anasomea mlangoni kwangu,
anakula karanga, anaacha maganda.
Huyo naye andika.
Andika wapi?

Aprili, mawingu siku tatu.
Ya kwanza betri zilivumilia.
Ya pili kile kidude cha ukutani kikaanza kulia, pi, pi, pi,
kama kifaranga kilichokosea nyumba.
Ya tatu, saa nane usiku, tukawasha mbabula,
tukatandika mablanketi. Birindwa akavua koti la ulinzi
akafunika trei ya juu,
akasimama na fulana, anatetemeka,
paa ameliachia Mungu.
Alfajiri umeme wa SNEL ukarudi wenyewe, bila salamu,
kama mume.

Mayai mia sita. Vifaranga mia tatu tisini na viwili.
Kwa jenereta, wiki ile, ningepata mia tano?
Au ndoo ya nne?
Sijui. Hapo ndipo hesabu inaponivua viatu.

Jana shemeji kapiga simu: "Inalipa au hailipi?"
Mwezi wa kumi na nne huu.
Nikamwambia, njoo nikufundishe kitu.
Siku ya saba unaliinua yai mbele ya taa, chumba kikiwa giza.
Ukiona weupe mtupu, litoe, halina mtu.
Ukiona nyuzi nyekundu, nyembamba,
na nukta inayorukaruka katikati,
hujapata kuku. Hujapata hata falanga.
Unalirudisha taratibu, unafunga mlango,
unaacha kulifunguafungua.

Sasa niache, nina ngazi ya kupanda.
Kunguru wameipaka chokaa paneli ya tatu,
na wao hawaulizi
deni ni la nani.