Daftari la Pili

La kwanza nilipewa na kampuni: jalada gumu,
kurasa zina namba ili nisichane hata moja.
Saa nne usiku, hali shwari.
Saa tano, hali shwari.
Saa sita, mvua, hali shwari.
Miaka tisa ya hali shwari kwenye lango la ghala la saruji,
Tororo, na ule mwamba umesimama nyuma yangu
kama msimamizi asiyelala wala kusema.

La pili nililinunua mwenyewe, dukani kwa Nyaketcho,
la mwanafunzi, kurasa tisini na sita,
nyuma yake pamechapwa jedwali la kuzidisha.
Hili hukaa ndani ya sweta.
Naandika tochi ikiwa kinywani,
mate yakidondokea mambo yangu.

Lugha ilinisumbua.
Kidhopadhola kina sikio la mama:
nikiandika uongo namsikia akikohoa jikoni.
Kiingereza kina kalamu nyekundu ya mwalimu.
Nikachukua hiki Kiswahili nilichokiokota kambini,
ambacho kwetu watu walikisikia kwenye vizuizi vya barabara
wakashuka garini mikono juu.
Simama. Toa kitambulisho. Wewe nani?
Usiku wa kwanza sikuwa na maneno mengine.
Nikajiandikia hayohayo:
Simama.
Wewe nani?
Nikakaa na swali hilo mpaka treni ya mizigo ikapita.

Mwanzoni yalikuwa madogo.
Bei ya muhogo. Goti la kushoto.
Nimemjibu Awor vibaya kuhusu chumvi.
Wiki iliyofuata: nimemjibu vibaya kuhusu ndoo.
Wiki ya tatu: mlango.
Nikayatazama pamoja, chumvi, ndoo, mlango,
nikaona si chumvi.

Kisha kiangazi, usiku mmoja usio na hata mbwa,
nikarudi nyuma kusoma, nikaukuta ukurasa huu:
"Tarehe kumi na nne. Nyafwono mfagiaji
ametoka na furushi. Nimepiga filimbi."
Daftari la kwanza linasema: mwizi amekamatwa, hali shwari.
La pili linaendelea, kwa mwandiko wangu uleule:
"Ilikuwa mifuko mitupu iliyochanika, ya kuziba dirisha.
Niliiona kabla meneja hajafika.
Lakini filimbi ilikuwa imeshalia."

Nilikuwa nimeandika hivyo, nikafunga, nikala viazi.
Miezi minane nimetembea na shahidi
kifuani, chini ya sweta, akipata joto langu,
na sikumuuliza neno.

Mkono uliitaka ile karatasi. Ilikuwa laini,
ingetoka bila kelele, na hapa hakuna namba
za kunishtaki kwa meneja.
Niliikunja pembe tu.

Alhamisi zamu ilipoisha nikaenda kwake, upande wa Osukuru,
vumbi jeupe bado liko kwenye nyusi.
Dirisha limezibwa kwa kanga.
Mlangoni kufuli.
Jirani akasema yuko Malaba, anauza nyanya siku hizi,
labda Jumapili.
"Nimwambie nani alikuja?"

Nilidhani swali hilo nimelizoea.
Nikataja jina langu lote, na la baba,
kisha, kwa sauti ndogo, lango ninalolinda.
Yule mama akaacha kupepeta mtama.

Sasa ni saa nane usiku.
Katika la kwanza nimeandika hali shwari,
maana lango limefungwa na hakuna aliyeruka ukuta.
Katika la pili nimeandika Jumapili,
nikalipigia mstari chini,
nikaurudia mstari hadi karatasi ikatoboka.
Zimebaki kurasa kumi na moja
na jedwali la kuzidisha.